Kiatu Kwenye Sanduku la Soketi

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Ruiru kununua mfereji wa sinki, shughuli ya muda mfupi tu. Muuzaji alikuwa akimwonyesha mteja mwingine seti mpya ya soketi, zile zinazokuja ndani ya sanduku la plastiki lenye nafasi ya kila kipande. Akaishika racheti, akaizungusha hewani: krrr, krrr, krrr. Usinicheke, rafiki yangu. Viganja vyangu vililowa jasho, nikasahau nilichofuata, nikatoka nje nikasimama kando ya magunia ya simiti mpaka moyo ukatulia. Mtu mzima mwenye watoto, anakimbizwa dukani na spana.

Lakini wewe unanijua, kwa hiyo acha nikuambie ule mlio unanipeleka wapi. Unanipeleka Gatuanyaga, nyumbani kwetu, enzi ambazo barabara yote ilikuwa vumbi na mtu akija kwa pikipiki tulimwona kabla ya kumsikia. Baba alikuwa makanika katika kiwanda kimoja Thika. Kiwandani walikuwa na vyombo vyao, hivyo vyake alivihifadhi nyumbani, na kila Jumapili baada ya kanisa alitandika gunia uani akavisafisha kwa mafuta ya taa. Nyanya alilalamika kwamba githeri yake ya mahindi na maharagwe inanuka gereji. Baba alimwambia githeri ikinuka gereji ina nguvu zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuzifuta soketi na kuzirudisha kwenye sanduku la bati, kila moja kwenye kiti chake, kuanzia ile ndogo inayotosha kidole hadi ile kubwa niliyoweza kunywea uji.

Kama hujawahi kuona racheti ikifunguliwa, nitakueleza jinsi baba alivyonieleza mimi. Soketi ni kikombe cha chuma. Upande mmoja una pembe za kumeza nati, upande wa pili una tundu la mraba. Nati zina saizi nyingi, lakini lile tundu la mraba ni lilelile kwa soketi zote, ndiyo maana mpini mmoja unazitosha zote. Kwenye pua ya mpini kuna kigololi kidogo kinachobonyea na kurudi, ili soketi isidondoke. Ndani ya kichwa mna gurudumu dogo la meno na kipande cha chuma kinachosukumwa na springi, ambacho baba alikiita ulimi. Ukivuta mpini, ulimi unang'ata meno na nati inageuka. Ukiurudisha, ulimi unateleza juu ya meno, krrr, na nati inabaki palepale. Unavuta kidogo, unarudisha, unavuta tena, hata mahali pembamba ambapo spana ya kawaida haipati nafasi ya kuzunguka. Mgongoni mwa kichwa kuna kijiti cha kubadilisha: ukikilaza huku inafunga, ukikilaza kule inafungua.

Nilimpenda baba zaidi alipokuwa akieleza vitu vya namna hiyo. Alinisemesha kana kwamba kesho ningeanza kazi kiwandani.

Majirani walikuja kuazima. Mtu ana mkokoteni, ana baiskeli, ana mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, na hana chochote cha kufungulia nati zake. Baba hakumnyima mtu soketi. Sharti lilikuwa moja: uache kiatu kimoja. Kiatu chako kilikaa sandukuni, juu ya kiti cha soketi uliyochukua, na wewe ukaenda nyumbani na mguu mmoja mtupu, kila mtu akikuona njiani akajua umeazima nini na kwa nani. Hakuna aliyesahau kurudisha. Ila racheti yenyewe hakuiazima kamwe. Alisema soketi ikipotea atatafuta nyingine, racheti ikipotea yeye si makanika tena. Kwa hiyo watu walichonga vyuma vyao wenyewe vya mraba wakavichomeka kwenye soketi, wakafungua nati kwa shida, nusu mzunguko, chomoa, rudisha, nusu mzunguko tena. Sisi sote tuliona hilo ni jambo la kawaida. Racheti ililala chini ya godoro la baba ndani ya kitambaa cha mafuta, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa asipokuwepo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa amepeleka mayai soko la Thika, na wanaume wa pale karibu wote walikuwa wamekwenda mnada wa mbuzi. Mimi na nyanya tulikuwa tunachambua maharagwe. Ndipo tukamsikia jirani akimwita nyanya kutoka ng'ambo ya ua. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, na nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya nyanya aangushe ungo na kukimbia.

Jirani alikuwa mjane, na mumewe alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Alibaki na mtoto wa kunyonya na ng'ombe wawili, na maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyowalisha. Aliwakamua mwenyewe kwa mikono yake. Tulimkuta bandani amepiga magoti mbele ya mashine ya kukatia nyasi, ile yenye gurudumu kubwa la chuma na kisu kilichofungwa juu yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani, vidole viwili vimebanwa kati ya kisu na mdomo wa mashine. Alikuwa akikirekebisha kisu, jiwe alilozuia gurudumu nalo likateleza. Damu ilikuwa ikishuka taratibu juu ya mabua ya mahindi. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Nyanya alilikumbatia gurudumu kwa mwili mzima, kwa sababu lilikuwa zito upande mmoja na lilitaka kuendelea kushuka. Kulirudisha juu hakukuwezekana, kisu kilikuwa kimeshaingia nyamani, na likisogea mbele au nyuma lingemaliza kazi. Akaniambia nitafute njia ya kukilegeza kile kisu, na haraka.

Nilichungulia nyuma ya gurudumu. Palikuwa na nati moja inayokisukuma kisu: ukiifunga kinasogea kuelekea mdomo wa mashine, ukiilegeza kinarudi nyuma. Juu ya nati ile ilikuwa imekaa soketi yetu ya saizi kumi na saba. Niliikumbuka mara moja, kwa maana jana yake ni mimi niliyeweka kiatu cha jirani sandukuni. Kile chuma alichochonga kilikuwa kimeanguka chini. Nilikichomeka, nikajaribu. Kikagonga mguu wa mashine kabla nati haijasogea hata unywele. Nikakichomeka kwa pembe nyingine, kikagonga ukuta. Hakukuwa na nafasi.

Nilikimbia nyumbani. Bado nasikia mtoto wa jirani akilia mle ndani ya nyumba yao nilipopita. Nikainua godoro la baba, nikaichukua racheti bila hata kuifunua kitambaa, nikarudi mbio na miiba ya uani imenichana miguu sikuhisi.

Racheti ilikaa kwenye soketi, kigololi kikaitika. Na hapo nikaganda. Banda lilikuwa limejengwa vibaya, gurudumu limeukaribia ukuta, na mwili wangu haukuweza kupita kwenda nyuma. Ilibidi nibaki upande wa mbele na kuupitisha mkono katikati ya spoki za gurudumu, kwa hiyo niliifikia nati kutoka mgongoni kwake. Baba alikuwa akiniambia kila mara kwamba nati lazima uitazame usoni. Ukiitazama usoni, kushoto ni kufungua. Mimi sikuuona uso wake. Kwangu mimi, kushoto kungekuwa kufunga, na kufunga kungemaliza vile vidole.

Nyanya aliliegemea gurudumu kwa bega. "Vuta kushoto, mtoto," aliniambia. "Kushoto ndio kufungua."

"Si hivyo, shosho. Mimi niko nyuma yake."

"Nimefungua vitu kabla baba yako hajazaliwa. Vuta kushoto."

Sijui kama kwenu mtoto alibishana na nyanya yake. Kwetu jambo hilo halikuwepo. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo yenye jina. Nilitaka kutii. Kutii kungekuwa rahisi, na kama vidole vingekatika, lingekuwa neno la nyanya na si langu. Nikafumba macho nikajiweka pale ukutani, mwembamba kama karatasi, uso kwa uso na ile nati. Nikaigeuza kushoto akilini. Kisha nikarudi mbele, nikaona mkono wangu ukienda kulia. Nikafanya tena. Ukaenda kulia tena. Nikakitafuta kile kijiti kwa kidole gumba, nikakilaza, nikarudisha mpini ili kusikia ulimi unateleza upande gani.

Nyanya aliniona najiandaa kuvuta kulia, akaanza kulitaja jina langu lote, lile la ubatizo na la ukoo. Jirani ndiye aliyesema. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye chuma na hakuinua kichwa.

"Mwache. Mkono ni wangu. Mwache avute."

Nikavuta kulia. Nati ikakataa. Nikavuta kwa mikono miwili, nikahisi kitu kikiachia kwa ghafla, na sikujua ni nati au ni mfupa. Jirani alitoa pumzi ndefu. Nikarudisha mpini, krrr, nikavuta. Krrr, nikavuta. Kila mara nafasi ilikuwa ndogo, upana wa vidole viwili hivi kati ya ukuta na mguu wa mashine, na kila mara nati ilisogea jino moja au mawili. Nilikuwa nalia na kamasi inanitiririka mdomoni. Sikuthubutu kuuangalia ule mkono. Niliendelea mpaka nikamsikia jirani akisema, polepole sana, kwamba kimelegea, kwamba sasa anaweza.

Akautoa. Nyanya akaliachia gurudumu, likazunguka lenyewe, kisu kikashuka kwa mlio mmoja mkavu. Sisi watatu tulibaki tunalitazama.

Vidole havikukatika. Hospitali walivishona, vikapona vimepinda, lakini mkono ulibaki mkono. Baada ya muda alirudi kukamua, taratibu mwanzoni, na yule mtoto wake akakua kwa maziwa yaleyale. Nyanya hakuniomba msamaha wala hakunisifu. Jioni ile alinipakulia mimi kwanza, kabla ya baba, na hilo lilinitia hofu kuliko kuchapwa.

Baba aliposikia habari alitoka moja kwa moja kwenda bandani, akaipima kwa mkono ile nafasi kati ya mguu wa mashine na ukuta. Aliporudi alikitoa kiatu cha jirani sandukuni, akakipiga vumbi, akaniambia nikipeleke. Tangu siku hiyo aliyeazima soketi alipewa na racheti. Iliazimwa na kila mtu, mpaka ikaenda mahali na haikurudi, na baba hakuifuata. Nilimlaumu kwa hilo, kwa sababu niliiona kama yangu. Sasa naelewa kwamba hakuweza tena kulala juu yake.

Mashamba yale yameuzwa vipande vipande. Kwetu pana nyumba za kupanga, na bandani kwa jirani pamejengwa duka la chipsi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona jirani. Siku hizi anakaa kwa bintiye huko Mwiki, gorofa ya tatu, dirisha linatazama kamba za nguo za watu. Binti alishanionya kwenye simu kwamba mama hamtambui mtu. Nikamkuta ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, akiipoza chai yake kwa kuipuliza ingawa ilikuwa imepoa zamani.

Nilijitambulisha mara kadhaa. Alinikaribisha vizuri kila mara, kama mgeni mpya. Kisha akaweka kikombe chini, akaviangalia vile vidole viwili vilivyopinda, akavigusa kimoja baada ya kingine.

"Nani aliniumiza hapa?" akauliza.

Alimgeukia binti yake, na binti akanigeukia mimi, kwa sababu siku ile yeye alikuwa mtoto wa kunyonya anayelia peke yake chumbani. Nyanya amelala Gatuanyaga, na baba kando yake. Nilitazama mle chumbani nikaona kwamba aliyebaki wa kumjibu ni mimi.

Nikasogeza kiti, nikaushika ule mkono.

"Hakuna aliyekuumiza, mama," nikamwambia. "Tulikuwa tunakutoa."