Saa Niliyomwazima Shija

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Mchungaji ameshaniambia, mganga wa zahanati ameshaniambia, na jirani yangu wa kibanda cha pili hunikumbusha kila akipata nafasi. Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Nani asiyechoka huku? Lakini ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, maharage ya jioni yako motoni na akili zangu ziko kichwani. Nilichokiona nilikiona. Na amini nakwambia, kama kingekuwa kitu cha kubuni ningebuni chenye faida kidogo kwangu.

Nauza chakula kwenye machimbo madogo upande wa Kharumwa. Ugali, wali, maharage, dagaa, na nyama siku ikiwa nzuri. Kwetu ni Didia, lakini baba na mama walishatangulia, tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu Shija. Nilimlea tangu akiwa darasa la pili. Nilipohamia huku akanifuata, akaingia kwenye kuchimba, na mimi nikaendelea kumpikia kama nilivyozoea. Wateja walidhani ni mwanangu, wakaniita Mama Shija. Sikuwahi kuwasahihisha. Nilipenda kuitwa hivyo.

Siku moja duara lao, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, lilitoa mawe mazuri. Shija akapanda gari kwenda Kahama, akarudi na saa aliyoinunua huko, mtaa wa Nyasubi. Nyeusi, nyembamba, ya kuvaa mkononi, lakini inaongea na simu.

"Dada, hii inakuangalia afya," akaniambia. "Inahesabu hatua, mapigo ya moyo, mpaka usingizi."

"Afya yangu inaangaliwa na Mungu," nikamjibu. Niliivaa siku ile ile, na kufikia siku ya tatu siwezi kwenda hata chooni bila kuitazama.

Ukitaka maoni yangu ya wiki zile za kwanza nitakupa bila kuficha. Chaji yake ilikaa zaidi ya wiki mbili, na maji haiyaogopi, niliosha vyombo nikiwa nimeivaa. Hayo ni mazuri. Kero zake sasa. Saa nne asubuhi inatetemeka, eti umekaa sana, inuka utembee. Mimi niliyesimama tangu saa kumi alfajiri! Usingizi wangu iliupa alama za chini kila siku, utadhani niliomba mtihani. Mkanda ulikatika mapema, nikaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Na hatua zake zilikuwa uongo mtupu. Siku ya kwanza ilisema nimetembea hatua elfu tisa kabla ya mchana, wakati sijatoka nje ya kibanda. Nikaichunguza. Kumbe ni ugali! Kila nikisonga, mkono ukienda na kurudi, yenyewe inaandika hatua. Haijui mguu, inajua mkono tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baada ya hapo Shija akaiazima. Chini ya duara simu ni usumbufu, na alitaka kujua saa. Simu yake yenyewe ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo saa ikabaki imeunganishwa na simu yangu. Mawasiliano yale hayafiki mbali. Akiwa hatua kumi kutoka kwangu inasoma, akizidi hapo inakata, na inajiwekea kumbukumbu zake mpaka arudi. Basi kila jioni Shija akiingia kibandani, simu hutetemeka kwenye mfuko wa aproni yangu, na mambo yake yote ya mchana yanaingia kwa mkupuo. Mapigo ya nyundo nayo saa ilikuwa inayaandika kama hatua. Nilikuwa namtania, "Leo umetembea mpaka Mwanza!" Au namwambia, "Saa sita mchana ulikuwa umelala huko chini, usibishe." Anashika kichwa. Anasema, "Dada, nimekununulia askari wa kunilinda mwenyewe." Tulikuwa na raha, jamani. Sikujua kama ile ndiyo raha yenyewe.

Ilinyesha siku mbili mfululizo, na Jumatatu asubuhi duara likakaa, yaani likaporomoka. Matimba, yale magogo yanayoshikilia udongo, yalivunjika. Watu watano walikuwa chini. Wanne walikuwa karibu na mdomo wakavutwa wakiwa hai, mmoja mguu umevunjika. Shija alikuwa mbele kabisa, kwenye njia ya pembeni, na udongo ulishuka kati yake na wenzake.

Walichimba. Nisiwasingizie, walichimba. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mchana na usiku, kwa majembe na ndoo na pampu ya kuazima. Mimi nilikuwa pale na simu mkononi. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Niliifunga simu kwenye nailoni, nikaiweka ndani ya ndoo, nikaomba waishushe mpaka mwisho wa walipochimba, labda ingeisoma saa. Ilipopanda, mahali pa mapigo ya moyo palikuwa na vistari viwili. Tukairudisha tena na tena. Vistari. Watu waliizunguka ile simu kama wanavyomzunguka mfumu akimpasua kuku kusoma ramli. Na mimi, ambaye nilijua fika kwamba saa ikiwa mbali simu haisomi chochote, ambaye nilikuwa nayo kwa wiki kadhaa, nilisimama mbele yao nikasema, "Moyo haupo."

Alhamisi mchana udongo ulianza kushuka tena juu ya waliokuwa wanachimba. Mwenye duara akaja pale nilipokaa, akavua kofia.

"Mama Shija, wewe ndiye baba na ndiye mama," akasema. "Vijana wengine watafia humo. Tunakusikiliza wewe. Tufunge?"

Nikasema, "Fungeni."

Neno moja tu. Ijumaa tukafanya ibada pale pale juu ya duara, kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kupeleka Didia. Kwaya ilikuja. Tuliimba tangu saa nne mpaka saa sita, na mimi niliimba kuliko wote, kwa sababu nilitaka anisikie huko aliko. Nilikuwa na maana ya mbinguni.

Sasa nisikilize vizuri. Jumanne ya wiki ya tatu, saa nane, wateja wa mchana wameshaondoka. Ninaosha masufuria. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Si mtetemo wa kupigiwa, wala wa ujumbe. Ulikuwa ule wa jioni, wa Shija akiingia. Mwili wangu uliujua kabla ya akili, nikageuka nikitabasamu. Unaweza kuamini? Nilitabasamu.

Kwenye benchi la nyuma ameketi mwanamume. Si Shija. Mtu mzima, umri wa baba yangu alipofariki, amekaukiwa na tope kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kama wachimbaji wote wanavyokuwa. Macho yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Ningeweza kukuambia yalikuwa mekundu ukaogopa zaidi, lakini sitakudanganya. Sikusikia akiingia, na kibanda changu kina mlango wa bati unaopiga kelele hata paka akipita.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu haisubiri.

"Marahaba. Naomba maji."

Nikampa. Alikunywa vikombe vitatu bila kupumzika, akasema "Wabeja," shukrani ya kwetu ya Kisukuma, na alipoweka kikombe chini mkono wa shati ulipanda. Saa yangu ilikuwa pale. Ile ile, na kipande changu cha mpira wa baiskeli.

Nikamuuliza ameitoa wapi. Nikauliza tena, nadhani kwa kupiga kelele, "Baba, umeitoa wapi hiyo?"

"Mwenyewe anasema wimbo aliusikia," akasema. Taratibu, kama mtu anayefikisha salamu za njiani.

"Wimbo gani?"

"Anasema mliimba vizuri. Anasema aliwajibu."

Akainuka akatoka. Mlango haukulia. Nilikaa pale labda kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, halafu nikakurupuka, nikatoka mbio. Uwanja ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya njia wanawake watatu huwa wanaponda mawe kutwa nzima wakitazamana na kibanda changu. Hakuna hata mmoja aliyemwona mtu akiingia wala akitoka. Waliniona mimi tu, nimeshika sufuria, ninamwita mtu ambaye hayupo.

Nikarudi ndani. Benchi lilikuwa limelowa tope bichi, ingawa yeye alikuwa mkavu. Simu ilikuwa imeshakata mawasiliano. Lakini kilichoingia kilikuwa kimeingia.

Jumatatu ya ajali, hatua elfu kumi na moja. Jumanne, elfu kumi na nne. Mtu aliyefungiwa kwenye njia ambayo hawezi hata kusimama wima atatembea wapi? Mtu mwingine angeona hesabu ile akasema saa ni mbovu. Mimi nilijua. Zilikuwa nyundo. Alikuwa anagonga mwamba tusikie. Jumatano alikuwa anagonga. Alhamisi ile, saa tisa mchana, saa niliyokuwa ninasema "fungeni," moyo wa Shija ulikuwa unapiga mara themanini na nne kwa dakika.

Ijumaa asubuhi hakuna kitu, ameacha, nadhani amechoka au amelala. Halafu saa nne kamili nyundo zinaanza. Mfululizo, bila kupumzika, mpaka saa sita. Katika siku zote hizo hakuna saa mbili alizogonga kama zile. Sisi tuko juu yake tunamwimbia wimbo wa kumzika, na kijana wangu yuko chini anagonga kwa nguvu zake zote zilizobaki. Na sisi tumepaza sauti, tena na ngoma. Tungesikia nini?

Jumamosi, mia nane. Jumapili, arobaini. Jumapili saa kumi jioni moyo ulipiga mara thelathini na nane, na baada ya hapo ni vistari mpaka mwisho.

Nilisema mpaka mwisho, lakini kulikuwa na hesabu moja zaidi. Jumanne ile ya mgeni. Hatua mia nne na kumi, saa saba na dakika hamsini mpaka saa nane kasoro kidogo. Mapigo ya moyo, vistari. Nimetembea mwenyewe kutoka mdomo wa duara mpaka benchi langu, nikihesabu kwa sauti. Usiniulize nilipata ngapi.

Nilimpelekea mwenye duara simu. Aliisoma yote, akanirudishia. Akasema, "Mama, hata kama ni kweli, leo ni siku ya kumi na sita. Na maji yameshajaa." Halafu akaongeza, si kwa ubaya, "Wewe ndiye uliyesema." Ni kweli, mimi ndiye niliyesema.

Fundi mmoja wa simu kule Nyasubi ameniambia lazima kuna mwizi wa mawe aliyeingilia njia nyingine akaivua saa mkononi mwa marehemu. Sawa. Tuseme ni mwizi. Tuseme ni mzuka, au ni baba yetu mwenyewe aliyekuja na sura nisiyoikumbuka. Watu wanapenda kubishana kuhusu hilo, na wanaponiona wananiuliza habari za mgeni tu, alikuwaje, alinukaje. Hawaniulizi habari za Ijumaa. Mgeni hanisumbui hata kidogo, ningempa maji tena leo. Kinachonitesa hakina uchawi wowote ndani yake. Alikuwa hai, na tulikuwa juu yake, na nilisema neno moja.

Bado nipo hapa. Watu wananishangaa, wanasema nirudi Didia. Nirudi kwa nani? Kanisani naenda, lakini kwaya ikisimama mimi natoka nje, nasimama karibu na ukuta mpaka wamalize. Sasa hivi wengi wananiita Mama tu. Ile Shija wameiacha kwa kunionea huruma, na hawajui jinsi inavyoniuma.

Wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako anayeingia chini ya ardhi, shika hili. Siku ile itakapofika watakuja wamevua kofia. Watakuwa wamechoka kweli, na watakuwa na sababu nzuri, na watakuuliza kwa heshima zote. Usitazame simu. Usimtazame mfumu wala mchungaji. Sema bado. Wakikasirika, sema bado. Wakikuambia unataka kuua watoto wa wenzako, lia, piga magoti, lakini sema bado, mpaka umwone kwa macho yako. Mimi waliniuliza mara moja tu, na hawatarudi kuniuliza tena.