Choya, Jua na Baba Yake Zuhura

Leo nusura nimpoteze mwanafunzi huku naona.

Zuhura wangu wa kidato cha tatu. Baba yake, mkulima wa korosho, amekuja kutoka Nanyamba kumchukua. Kuna watu wanakuja kuposa Jumamosi.

Nikamwomba, "Mzee, kaa kidogo uone anachofanya mwanao."

Akakaa benchi la dirishani, uso kaukunja.

Zuhura akatoa vioo vyake viwili alivyovibandika pamoja. Katikati kuna unga mweupe alioutia rangi ya choya, haya maua mekundu tunayochemshia juisi. Rangi inanasa mwanga, umeme unatoka. Jana ilikubali vizuri kabisa.

Leo mshale wa mita ya kupimia umeme ukagoma.

Akageuza nyaya. Wapi! Mimi jasho mpaka mgongoni.

Mzee akainuka. "Tumeona, Mwalimu. Zuhura, chukua vitu vyako twende."

Papo hapo darasa zima likapiga kelele. Mshale umepanda!

Jamani, kumbe mzee ndiye aliyekuwa ametuzibia jua pale dirishani!

Akarudi polepole. Akakaa, mshale ukashuka. Akainuka, ukapanda. Akamtazama binti yake.

"Choya hii hii?"

"Hii hii, baba."

Mzee akasema, "Basi, wale wageni nitawaambia wasubiri."

Kaondoka peke yake. Zuhura kabaki hapa mtaani Rahaleo, kwa shangazi yake anakokaa.

Ila wasubiri mpaka lini, hakusema, nami niliogopa kumuuliza. Nimekosea? Niambieni.