Bolti Aliyoificha Mke Wangu

Bunduki yangu ya kuwindia ilikuwa na wenyewe wawili. Mimi nilikaa na mtutu na kitako chake cha mbao, mke wangu alikaa na bolti. Kwa asiyejua, bolti ni kile kipande cha chuma chenye mkono, unachokiinua, ukakivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi ikae mahali pake. Ukikichomoa, ulichoshika ni bomba lenye mbao. Sharti hilo aliliweka yeye kabla bunduki haijaingia nyumbani, na alikuwa na haki. Nina hasira za karibu. Nilishawahi kuipiga teke redio yetu mpaka ikavunjika kwa sababu ya goli la dakika ya mwisho, na redio haikuwa na kosa.

Nilikuwa mwalimu, na jioni mkulima wa viazi hapa Isongole. Nguruwe pori walikuwa wanashuka kutoka msituni na kulichimba shamba kuliko nilivyolichimba mimi. Nikaomba kibali, nikafuata taratibu zote za polisi na za maliasili, kisha tukaenda wote wawili kwa mzee mmoja wa Kawetele, fundi mstaafu wa mashamba ya chai, aliyekuwa anaachana na bunduki zake kwa sababu ya macho. Alitandika blanketi mezani, akalaza mbili, zote za bolti, zote zimenizidi umri.

Ya kwanza ilinimaliza. Mbao yake ilikuwa imepigwa vanishi, inang'aa kama kabati la maharusi. Nikaiweka begani, nikajiona nafaa kupigwa picha. Mzee akaniacha nifurahi, kisha akachomoa bolti, akaniambia nichungulie kwa nyuma ya mtutu kuelekea dirishani. Ndani mifereji inayoizungusha risasi ilijipinda vizuri, lakini pale mdomoni ilikuwa imelika. Mwenyewe wa kwanza alizoea kuisafisha kwa kuingiza fimbo kwa mbele, kila mara akiukwaruza mdomo, na bunduki iliyoliwa mdomo haipeleki risasi unakotaka. Tena namba ya kwenye bolti haikuwa ile ya kwenye mtutu.

"Hiyo bolti ni ya kuazima," mzee alisema. "Bolti na mtutu wake vinazoeana, Mwalimu. Usije ukawaozesha wageni."

Ya pili ilikuwa imechakaa kwa nje, mbao nyeusi kwa jasho la mashavu ya watu, lakini namba zilifanana, na ndani ya mtutu kulikuwa safi mpaka mdomoni. Nikaiinua nimefumba macho, kama mzee alivyonielekeza. Nilipofumbua, jicho lilikuwa tayari kwenye mstari wa shabaha, bila kuinamisha shingo. Bolti yake ilikwenda na kurudi bila kukwama popote. Mpaka leo nikiulizwa jinsi ya kuchagua bunduki ya zamani nasema hivyohivyo: anzia mdomoni na kwenye namba, uzuri wa mbao uache mwisho.

Mke wangu akanyoosha mkono. "Hicho kinachotoka, nipe." Nikampa. Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, akamwambia mzee, "Ndaga, tata," yaani asante, baba, na hapo tukawa tumeshachagua.

Tangu siku hiyo, nikitaka kwenda shambani na bunduki, ilibidi niombe. Ananitazama usoni kwanza.

"Umekula, Mwalimu?"

"Nimekula."

"Unakwenda kupiga nini?"

"Nguruwe."

"Ana miguu mingapi?"

Nacheka, na yeye alikuwa anakisubiri hicho kicheko. Kisha ananiambia nitoke nje, nami nasimama uani nimeugeukia mlima mpaka aniite. Zipo siku ambazo hakunipa, na siku hizo nililala na hasira zangu. Lakini sikuwahi kuchungulia wala kupekua, miaka yote hiyo. Lilikuwa jambo la heshima kati yetu, na nililipenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mwaka jana alianguka jikoni kwa presha. Siku tatu hospitalini hakuweza kusema. Alikuwa anasogeza vidole vya mkono wa kushoto kwenye shuka, nami nampa maji. Labda alichotaka kilikuwa maji. Tukamzika, watoto wakarudi Dar es Salaam, nikabaki na nyumba ya vyumba vinne na simu inayoniuliza kila jioni kama nimekula.

Kisha likaja tangazo la uhakiki wa silaha: kila mwenye leseni afike kituoni Tukuyu na silaha yake ikiwa kamili. Yangu ilikuwa nusu. Bila bolti yenye namba ile ningenyang'anywa, na nilishangaa jinsi nilivyoogopa. Sikuwa nimepiga nguruwe karibu miaka miwili. Ila kilikuwa kitu cha mwisho tulichokuwa tunakishika wawili.

Nilipekua siku nne. Masanduku, dari, ghala la viazi, mkoba wake wa kwaya. Niliomba radhi kwa sauti kila nilipofungua kitu chake. Nikakuta sukari aliyonificha baada ya daktari kunikataza, makopo matatu, nikakaa sakafuni nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Siku ya nne nikapanda juu ya stuli jikoni, kwenye kichanja kilicho juu ya mafiga, nikashusha mkebe mweusi kwa masizi. Bolti ilikuwemo, imezungushiwa kitambaa, inang'aa, inanukia mafuta ya cherehani. Alikuwa mshonaji.

Nilijiona mjinga. Hapa Rungwe mvua haijui likizo, na kule chumbani nilikuwa napigana na kutu ya mtutu kila wiki. Bolti ndiyo niliyokuwa naisifu mbele za wageni: tazameni chuma cha zamani, hakishiki kutu! Kumbe palikuwa na mtu anakipaka mafuta na kukiweka juu ya moto, na hakuwahi kunisahihisha.

Kituoni, askari kijana aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali akalinganisha namba, akavuta bolti mara mbili. "Mzee, hii imetunzwa," alisema. Akaniuliza ninaishi na nani. "Peke yangu," nikajibu, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Akagonga muhuri.

Nilirudi kwa bodaboda mchana, mvua inanyesha. Nikachomoa bolti, nikaanza kutafuta pa kuificha. Niliirudisha kwenye mkebe. Nilijua iko kwenye mkebe. Nikaihamishia kwenye gunia la mbegu; nilijua. Nikaifunga kwenye taulo, nikaisukuma nyuma ya kabati nimefumba macho, mtu mzima mimi, na bado nilijua hata ilivyolala. Nikatoka nikasimama uani, maji yananiingia kwenye kola. Hakuna aliyeniita. Hasira zangu nazijua, lakini huzuni niliyonayo siku hizi sijaizoea, wala siiamini. Bunduki nzima, bila mtu wa kunitazama usoni kwanza, sikuitaka ndani ya nyumba ile.

Nikampigia simu yuleyule wa bodaboda. Askari aliponiona tena akadhani nimesahau kitu. Nikamwambia nimekuja kuisalimisha. Akatoa fomu, akajaza, akafika penye sababu, akainua kalamu.

"Andika mke wangu amefariki."

"Pole sana, Mzee. Lakini leseni ni ya kwako, siyo ya kwake. Hiyo siyo sababu."

"Ndiyo sababu yenyewe, mwanangu."

Akainama, akaandika.