Mhadhara wa Mume wa Mama Kengele

Katibu wa idara yetu ya hisabati na kompyuta tulimwita Mama Kengele, na jina lilimkaa. Kila Alhamisi alasiri, mgeni alipokuja kutuhadhiria, yeye aliketi mbele, pembeni, na kengele ndogo ya shaba mapajani. Dakika ya arobaini na tano aliigonga mara moja. Ya hamsini, mara mbili, na hapo hata uwe bingwa wa mabingwa unafunga mdomo. Nilimwona akimkatiza mgeni aliyesafiri siku mbili, sentensi ikiwa katikati. Tulimcheka chini chini, na kumwogopa tulimwogopa.

Mwaka wangu wa tatu, mgeni alikuwa mume wake, aliyefundisha idara hiyo hiyo miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hatukujua kwamba kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka. Mkewe alijua, na mwenyewe alijua. Ndiye aliyemwomba mkewe: "Nitafutie siku moja kwenye ratiba. Nisimame ubaoni mara moja tu, wangali wananiona mwalimu." Wiki tatu nzima walifanya mazoezi jikoni, mke akiwa ndiye mwanafunzi. Hayo Mama Kengele alinisimulia baadaye sana.

Siku yenyewe mzee alikuja na suti iliyonyooshwa vizuri, akaomba chaki. Alitaka kutuonyesha jinsi ya kupata namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila kubakiza kitu, kwa njia ya kale ambayo kompyuta bado zinaitumia. Akaandika 48 na 18. Gawanya, chukua baki, gawanya tena, mpaka baki iwe sifuri. Akapata kumi na mbili. Akapata sita. Ilibaki hatua moja tu. Akageuka, akatutazama, akatabasamu, kisha akaandika 48 na 18.

Mara ya pili tulivumilia. Mara ya tatu, maneno yale yale na utani ule ule, ukumbi ukaanza kunong'ona. Hapo mimi, mjuaji wa darasa, nikajiona nimeng'amua. Nikamwambia jirani yangu kwa sauti ya kusikika mistari mitatu, "Anaigiza programu isiyo na sharti la kusimama! Itazunguka milele!"

Neno likaenea ukumbi mzima. Wanafunzi wa kompyuta ndivyo tulivyo: kila kosa tunalitafutia maana, mradi tuonekane werevu. Aliporudi kwenye 48 mara ya nne, tukasimama wote tukapiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Mama Kengele akatazama saa. Ilikuwa dakika ya ishirini na mbili. Akagonga mara mbili. Kisha akaikumbatia kengele kifuani, nami nikadhani ni furaha.

Nilitoka mbio kwenda kuwapongeza. Niliwakuta kwenye ngazi za nje, mama anampangusa mumewe vumbi la chaki begani.

"Mama, mhadhara kama huu sijawahi kuusikia!"

"Asante, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Alijiandaa sana."

Mzee akanishika mkono. "Kijana, wanafunzi wameshafika? Nisije nikawachelewesha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Makofi yale yalikuwa bado yananiwasha viganja, na kwa mara ya kwanza maishani nilijionea aibu kwa kujiona mwerevu. Nilimtazama mama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hayakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Akamwekea mumewe sawa kola ya shati.

"Hujachelewa, Mwalimu," akamwambia. "Wanakusubiri."

Wakaanza kurudi taratibu kuelekea ukumbini, ambako sasa hakukuwa na mtu. Nikazunguka mlango wa nyuma mbio, nikafuta ubao wote, nikakaa mstari wa mbele. Alipoingia, nikasimama.