Jumamosi Niliyopata Kazi Kiwandani

Watu wakikaa kwenye kahawa wakaanza kusifia enzi za Ujamaa, mimi nanyamaza, maana nikifungua mdomo tutagombana. Nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa Kariakoo, nimemaliza darasa la saba, naishi na mama chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji, na kitu nilichokipenda kuliko mwanamume yeyote niliyekuja kukutana naye baadaye kilikuwa kiwanda cha nguo.

Msicheke. Basi lake lilipita mtaani kwetu kila asubuhi, limejaa wasichana wenye magauni ya bluu na vitambaa vyeupe kichwani. Sisi wengine tuko kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri, tumepanga mawe yatushikie nafasi, wao wana duka lao humo humo kiwandani: sukari ipo, sabuni ipo, unga upo. Mwisho wa mwaka kila mmoja anapewa doti ya khanga mpya. Nilikuwa naacha ndoo bombani nikimbie barabarani kuwaangalia. Mama akinikuta anasema, "Na wewe, utaolewa na basi?"

Juu ya yote walikuwa na kitambulisho cha kazi. Mwenye nacho hakuguswa. Asiye nacho aliitwa mzururaji, na wakati ule msako wa wazururaji ulikuwa umepamba moto: lori linasimama, mgambo wanateremka, unapakiwa, unapelekwa mashambani huko ukalime. Mama yangu naye alihesabiwa mzururaji. Mwanamke anayeamka kabla ya adhana, anachoma mihogo karibu na soko mpaka macho yanakuwa mekundu kwa moshi, ati mzururaji! Mpaka leo nikilisikia neno hilo napandwa na hasira. Basi kazi yangu ilikuwa kukaa kona na kuangalia lori. Nikiliona napiga mluzi, mama anafunika jiko kwa bati, anajipenyeza kwa wauza nyanya wenye meza zao, anabonyezabonyeza nyanya za watu na kuuliza bei.

Njia ya kutokea ilikuwa moja. Mtu mwenye kazi aliweza kwenda ofisi ya kata akasema huyu ni mama yangu, namlisha mimi, wakamwachia. Na viwanda vya enzi zile vilikuwa na timu, vikishindana vyenyewe kwa vyenyewe. Ukijua mpira unaajiriwa, mambo ya vyeti baadaye. Mimi netiboli nilikuwa naijua. Nilipigilia ringi ya baiskeli ukutani uani kwetu, na wapangaji wote waliniona: nilikuwa sikosi. Tatizo langu lilikuwa watu. Nikishika mpira mbele ya watu mikono inalowa kama nimetoka kufua, magoti yanagongana. Shuleni niliwahi kurusha mpira ukampiga refa kichwani, nikachekwa mpaka nikawa napita mlango wa nyuma.

Nikasikia kiwanda changu kinatafuta mfungaji mmoja, majaribio Jumamosi kwenye uwanja wa shule huko Upanga. Asubuhi ile nilimwambia mama siendi, nani atamwangalizia lori? Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa watu, na yeye alijua.

"Nenda huko!" akasema. "Leo nitajiangalia mwenyewe. Mimi si kipofu."

Sisi tuliokuja kujaribiwa tulipangwa kucheza na timu yenyewe ya kiwanda. Aliyenilinda alikuwa kapteni wao, mama mmoja mrefu, kifua mbele, sauti ya kuamrisha. Mpira wa kwanza niliorusha haukugusa hata chuma. Wa pili nikaung'ang'ania mpaka refa akapuliza filimbi. Watu wakaanza kuzomea, jasho likaniingia machoni, nikatamani kujifanya nimeteguka mguu niondoke zangu.

Kapteni akainama sikioni kwangu. "Wewe si mtoto wa yule mama mihogo? Rudi ukachochee mkaa, bibie. Hapa pana wenyewe."

Ebo! Nilichemka. Nikasahau watu, nikasahau magoti, nikabaki na yule mwanamke na domo lake. Mpira ulipokuja nikaruka, nikauchukua juu ya mikono yake, nikatumbukiza. Nikatumbukiza tena. Alivyozidi kunisema ndivyo nilivyozidi kumfunga, na mikono yangu ilikuwa mikavu kabisa. Waliokuwa wakizomea wakaanza kushangilia, wala sikuwajali.

Filimbi ya mwisho ilipolia kapteni alikuja akanivalisha fulana ya timu, ya bluu, yenye jina la kiwanda kifuani. "Mimi mwenyewe nanunua mihogo kwa mama yako," akasema, anacheka. "Nilitaka nione kama una roho. Jumatatu njoo na picha, utengenezewe kitambulisho." Nikamkumbatia. Nilimpenda saa ile ile.

Nilikimbia kutoka Upanga mpaka sokoni. Nilikuta jiko limepinduliwa, mihogo imekanyagwa. Muuza nyanya mmoja akaniambia bila kuniangalia kwamba lori lilikuja kwa upande wa nyuma, na mama alikuwa ameinama akipuliza moto.

Ofisi ya kata nilimkuta karani peke yake. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamwambia nina kazi kiwandani, nimekuja kumchukua mama yangu.

"Kitambulisho?"

Nikavuta fulana mbele ili aone yale maandishi.

"Binti, fulana si kitambulisho."

Sikumwachia. Nililia, nikapiga meza, mpaka akazungusha simu kiwandani mwenyewe. Akasikiliza kidogo, akaniambia ni mlinzi wa getini, ofisi zimefungwa, na jina langu halijui. Nirudi Jumatatu. Nikamuuliza lori linaondoka lini. Akasema kesho asubuhi. Kiwanda kile nilichokipenda miaka yote, siku nilipokihitaji kilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa ameshika ufunguo wa geti tu.

Asubuhi yake nilifika nyuma ya ofisi ya kata, walikolazwa waliokamatwa, lori likiwa limejaa. Nilikuwa bado na fulana ile, sikuwa nimeivua. Mama akaniona kabla sijamwona.

"Umepata?" akaita.

"Nimepata, mama."

"Alhamdulillah!" Akawageukia wenzake, uso umemchanua kabisa. "Si niliwaambia? Huyo ndiye mwanangu wa kiwandani. Amekuja kunitoa."

Wakampisha. Akajifunga khanga vizuri, akavua kandambili akazishika mkononi ili aweze kuruka, akasogea mpaka ukingoni. Mimi nilikuwa chini. Sikuweza kumwambia. Mgambo akapiga bodi kwa kiganja, injini ikawaka, na mama akawa anamwinulia dereva mkono, anamwomba asubiri kidogo, mwanawe ameshafika.