Moto Usiotoka Nje

Wajukuu zangu, umeme ukikatika nusu saa tu, wanapiga kelele kama wamefiwa. Nawaambia nyamazeni, giza haliumi. Siku moto wetu ulipozimika, pale Ng'ambo, Tabora, mimi sikupata hata nafasi ya kulia, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku nne tu duniani.

Ilikuwa wakati wa ile vita kubwa ya pili ya Wazungu. Viberiti havikuonekana; ukiuliza dukani kwa Mhindi anakutazama kama umemwomba dhahabu. Kwa hiyo kila nyumba ililea moto wake kwa gogo la mti wa mtundu lililofukiwa majivuni, na aliyezimikiwa alichukua kigae akaenda kuomba kaa kwa jirani. Hakuna aliyemnyima mwenzake moto, isipokuwa nyumba yenye kichanga. Hapo moto hautoki mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Wazee walisema ukitoka, unatoka na uhai wake. Mtoto mwenyewe hatoki, na mama yake hatoki.

Wangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo, jamani, nikimpakata naogopa hata kupumua. Mkunga aliniachia neno moja: asipate baridi. Mume wangu alikuwa kazini relini, upande wa Goweko, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe, na mama mkwe hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Asubuhi ya siku hiyo jirani yetu, mjane aliyeuza vitumbua, alikuja na kigae chake. Moto wake ulizimika na unga ulikuwa umekwisha kuumuka. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Kitovu hakijadondoka," akasema.

"Kaa moja tu, dada."

"Hata cheche."

"Haya. Kaeni na moto wenu," akasema jirani, akaenda kuomba mtaa wa pili. Nilisikia yote nikiwa kitandani. Niliona aibu, lakini nisiseme uongo, nilifurahi pia.

Alasiri mbingu ikafunga. Aisifuye mvua imemnyea, na ile haikuwa mvua ya kusifiwa. Ilianza kwa upepo, kisha mawe ya barafu makubwa kama kunazi, yakitwanga nyasi za paa. Upepo ukaingia chini ya paa upande wa jikoni, ukalibeba zima, ukalitupa kwenye migomba. Maji na barafu vikamwagika juu ya mafiga. Moto ukalia mara moja tu, basi. Mama mkwe akachimbua majivu kwa mikono mitupu akitafuta kaa hata moja. Akatoka na tope jeusi.

Tukarudi chumbani, ambako paa lilikuwa bado lipo lakini linavuja kila mahali. Baridi iliyokuja na yale mawe sijaiona tena Tabora. Nilimfunga mtoto kwa kila nguo kavu niliyokuwa nayo. Akaacha kunyonya. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi, na hakulia. Afadhali angelia. Nikashuka kitandani nikatafuta kigae.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kuomba moto."

"Kwa nani?"

"Unamjua."

"Mzazi hatoki!"

"Basi nenda wewe, mama."

Hakuweza kwenda, na wote wawili tulijua kwa nini. Nikamwekea mtoto mapajani, nikatoka na mawe yale yananipiga kichwani.

Muuza vitumbua alikuwa mjanja. Aliona mawingu mapema, akahamishia moto wake chumbani ndani ya chungu, akaufunika. Alinikuta mlangoni nimelowa, meno yanagongana.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama wee! "Marahaba. Kitovu kimedondoka?"

"Bado."

"Na mmekuja kuomba moto? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Nitukane baadaye, mama. Mtoto anakufa."

Akaninyang'anya kigae. Nilidhani anakijaza, akakiweka chini. "Utauweka wapi huo moto, dimbwini? Kamlete mtoto."

Niliporudi na habari hiyo mama mkwe alimkumbatia mjukuu wake, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Mtoto hatoki. Unataka kumuua?"

"Mila ni ya kumlinda mtoto, mama. Akishakufa tutamlinda nani?"

Hakusogea. Nikamnyang'anya mwanangu, nikamsukuma nikapita. Ndiyo, nilimsukuma mama mkwe, na mpaka leo sioni kosa langu.

Jirani alimpokea, akamvua zile nguo mbichi zote, akamlaza kifuani pake ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi akakaa karibu na chungu cha moto. Mimi nilitetemeka pembeni nikihesabu pumzi za mtoto. Mvua ilipoanza kupungua akapiga chafya, kisha akalia, sauti ndogo ya hasira. Nami ndipo nikalia.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini, anachuruzika maji, haingii wala haondoki.

"Dada, ingia ufunge mlango," jirani akamwambia. "Baridi inampata mtoto wetu."

Tulikaa kwake siku tatu, watu wakituezekea paa. Siku ya tatu kitovu kikadondoka, ndani ya kanga ya muuza vitumbua. Kitovu cha mtoto huzikwa kwao, kwa baba yake, na mama mkwe alikichukua. Nilijua anakwenda nyumbani. Badala yake akaomba jembe, akachimba pale pale, chini ya upenu wa jiko la jirani, akafukia, akashindilia udongo kwa kisigino.

"Dada, nilikunyima moto," akasema.

"Ulininyima," jirani akajibu. Akaenda chunguni, akaweka makaa matatu kwenye kile kigae changu, akamletea.

Sikuwahi kumwona mama mkwe akimpigia mtu magoti. Siku hiyo alipiga goti kwenye tope, akakipokea kwa mikono miwili.