Matundu Kwenye Hadithi

Fundi mstaafu wa majokofu alikuwa na ulimi usio na mfupa, na kila Jumamosi alasiri ulimi huo ulipata kazi. Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, alipenda tamthilia ya familia iliyoishi kwenye chombo cha angani, ikimtafuta baba aliyepotelea huko kwenye nyota. Mzee aliketi naye kwenye kochi, akingoja wakosee.

"Haya, wamefungua mlango, na hewa imebaki ndani! Jokofu mpira wake ukichanika kidogo tu, baridi yote imekwenda. Hawa je?"

"Babu, ni hadithi!"

"Hadithi nayo iwe na akili. Njia ya mwongo ni fupi."

Mwanzoni mtoto alinuna. Kisha akaanza kuwinda matundu mwenyewe, na mzee akavimba kichwa kama aliyezaa profesa.

Binti yake, mama wa mtoto, hakufurahi. Siku moja alimvuta jikoni.

"Baba, nakuomba, mwache aamini vitu. Unajua nilichomwambia kuhusu baba yake."

Alijua. Mtoto aliambiwa baba yake anafanya kazi melini, mbali kusikoshika simu, na mkataba ukiisha atarudi. Kumbe bwana yule alikuwa na mke mwingine mji huohuo. Mzee aliuchukia uongo ule, ila hakuwa na mwingine ulio bora, akanyamaza. Tamthilia aliendelea kuichambua. Aliona hayo ni mambo mawili mbalimbali, na utu uzima wake wote ule!

Jumamosi moja baba wa angani akasikika redioni, akawaambia wanawe anawapenda, sauti ikakatika. Mtoto akazima televisheni.

"Babu, kama redio inashika, mbona hakusema aliko?"

"Hilo ni tundu la kupita ng'ombe!" mzee akacheka.

"Na baba je? Mama anasema huko simu haishiki. Lakini kila Ijumaa ananiambia, baba anakusalimu. Salamu zinapita wapi?"

Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Mzee akaona aibu, na kwa mara ya kwanza alitamani mjukuu wake awe mjinga kidogo.

"Meli zina... watu wa kupeleka habari."

"Watu gani?"

"Mwambie," binti yake akasema. "Si wewe uliyemfundisha? Mwambie, mimi nimechoka."

Akamwambia. Hakujua kupamba maneno. Alisema baba yuko hapahapa mjini, ana nyumba nyingine, na humo mna mke na mtoto mchanga. Msichana hakulia. Alikunja uso vilevile alivyoukunja akitazama tamthilia.

"Ni mbali?"

"Si mbali."

"Kwa miguu mtu anafika?"

Mzee alimtazama binti yake. Binti akageuza uso.

"Anafika."

"Sasa yeye mbona hafiki?"